Nanunua picha nyingi kuliko wote, mbona kila Jumamosi nashindwa?

SWALI: Shikamoo. Sisi ni walimu wanne wa sekondari hapa Mwanza, na kila Jumamosi jioni tunacheza Modern Art, ule mchezo wa mezani wa kunadi picha za wachoraji. Toleo letu ni la zamani, lenye akina Krypto na Yoko. Mimi ndiye ninayenunua picha nyingi kuliko wenzangu, na huwa napiga hesabu kwanza nisinunue kwa hasara. Lakini mechi sita mfululizo nimemaliza wa tatu au wa mwisho, mpaka wenzangu wamenibatiza "Makumbusho". Nakosea wapi? Nimekuandikia duru ya kwanza ya mechi yetu ya mwisho uone. La pili: mwenzetu mmoja anasisitiza kwamba picha ya tano ya mchoraji lazima inadiwe kwanza ndipo duru ifungwe. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Jina la Makumbusho limenichekesha, lakini nimesoma duru yako na naona wenzako hawakukuonea.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo huu, niseme kwa ufupi. Uliundwa na Reiner Knizia, Mjerumani mwenye udaktari wa hisabati, ukatoka mwaka 1992, na mwaka uliofuata ukatwaa tuzo ya Deutscher Spiele Preis. Wanacheza watu 3 hadi 5. Kuna kadi 70, kila kadi ni picha, na wachoraji ni watano wa kubuni: Lite Metal mwenye kadi 12, Yoko 13, Christin P. 14, Karl Gitter 15 na Krypto 16. (Ukikutana na toleo jipya la 2017 majina ni mengine, lakini idadi ni zile zile.) Kila mtu anaanza na elfu 100. Zamu yako ikifika unatoa kadi moja na kuinadi. Akinunua mwingine, fedha ni zako. Ukinunua mwenyewe, fedha zinakwenda benki. Duru inafungwa picha ya tano ya mchoraji yeyote inapotua mezani. Hapo mchoraji aliyetolewa picha nyingi zaidi, kila picha yake inalipwa elfu 30, wa pili elfu 20, wa tatu elfu 10. Wawili waliobaki hawalipwi kitu. Benki inazinunua picha zote, zinawekwa kando, mnaanza upya. Duru ni nne, na mwenye fedha nyingi mwishoni ndiye mshindi.

Sasa tuje kwako. Katika duru ile ulipata zamu nne. Ulitoa Karl Gitter, ukamuuza kwa 12 (kuanzia hapa fedha zote nazitaja kwa elfu). Ulitoa Christin P., jirani akafika 16, ukasema 17 ukamchukua mwenyewe. Ulitoa Krypto, mtu akafika 25, ukasema 26 ukamchukua mwenyewe. Ulitoa Lite Metal, hakuna aliyemtaka, ukabaki naye bure. Kwa wenzako ulinunua Christin P. wawili, kwa 16 na kwa 19, na Krypto mmoja kwa 25. Duru ilipofungwa Krypto alikuwa na picha 5, Karl Gitter 4, Yoko 3, Christin P. 3, Lite Metal 1. Ukapokea 60 za Krypto wawili. Christin P. wako watatu hawakukupa hata senti, kwa sababu wakilingana idadi, anatangulia yule aliye upande wa kushoto wa ubao, mwenye kadi chache zaidi kwenye kasha, na Yoko yuko kushoto kwake. Ukaondoka na elfu 69 kutoka 100.

Unasema unapiga hesabu usinunue kwa hasara. Nakuamini. Tazama yule Krypto wako wa 26: alikulipa 30, kwa hiyo daftari lako linasoma faida ya 4. Lakini mtu alikuwa ameshasema 25! Ungenyamaza tu, ungepokea 25 taslimu kwa kadi uliyogawiwa bure. Wewe ukalipa 26 benki ili upate 4. Hapo umejipunja 21, na daftari linakuandikia faida. Yule Christin P. wa 17 ni vivyo hivyo: ungepokea 16, badala yake ukatoa 17. Jumla ya makosa mawili hayo ni elfu 54. Rudisha hizo, na ile duru uliyotoka na 69 ungetoka na 123, bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Hapo ndipo ugonjwa wako ulipo, na si wako peke yako. Mtu akisikia "mnada wa picha" anajiona mkusanyaji, anataka kujaza ukuta. Mchezo huu umetengenezwa kwa ajili ya dalali. Kadi mkononi mwako ni mali ambayo haikukugharimu chochote, na njia ya kawaida ya kuigeuza fedha ni kumuuzia mwenzako. Mkiwa wanne kila mmoja anagawiwa kadi 17 kwa mechi nzima: 9 mwanzoni, 4 duru ya pili, 4 duru ya tatu, na duru ya nne hamgawiwi kitu. Kila moja unayoinunua mwenyewe ni zamu ambayo mezani hapakutoka hata senti kuja kwako.

Je, usinunue picha yako kamwe? Hapana. Tufanye picha italipa 30 bila shaka, na dau la juu la mwenzako ni p. Ukimwachia unapata p. Ukichukua unapata 30 kutoa p na kidogo juu yake. Kwa mfuko wako peke yake, mpaka ni 15: dau likiwa chini ya hapo chukua, likizidi achia. Lakini ukimwachia, naye anapata kile kinachobaki, na yeye ni mshindani. Ukiliingiza hilo kwenye hesabu mkiwa wanne, mpaka unasogea hadi kwenye 17 hivi. Kwa hiyo mtu akisema 12 kwa Krypto wa 30, mpokonye. Akisema 18, pokea fedha na umshukuru. Akisema 25, jifanye umeumia, kisha pokea.

Utasikia wachezaji wakisema kanuni ni kutolipa zaidi ya nusu ya thamani. Nusu ina mahali pake, ni hapo nilipoonyesha, dalali anapojiuliza kama ajinunulie. Kwa picha ya mwenzako hesabu ni nyingine. Picha yenye uhakika wa 30 ikiwa mnadani kwa 25, ukiikataa, mtu mwingine ataichukua kwa 25 hiyo hiyo. Muuzaji atapata zile zile, na ile faida ya 5 itakwenda kwa jirani badala yako. Afadhali ije kwako. Kwa hiyo yule Krypto uliyemnunua kwa mwenzako kwa 25 hukukosea. Faida ni ndogo, lakini ni halali.

Neno zito hapo ni "uhakika", na hili linatupeleka kwa Christin P.

Wasukuma wenzako waliowahi kusimama mnadani wakinunua ng'ombe wanajua kwamba mnyama ana uzito wake, na kesho buchani kuna bei yake, hata kama wanunuzi wote leo ni vichaa. Picha ya Modern Art haina uzito. Inalipa 30 kwa sababu tu watu wanne walioketi mezani wameitoa mara nyingi kuliko nyingine. Kuna mchezo wa zamani wa Kimarekani uitwao Masterpiece, wa mwaka 1970, ambao kila picha ina kadi ya thamani iliyofichwa nyuma yake na nyingine ni bandia zisizo na thamani, na mnunuzi anabahatisha. Hapa kilichofichwa ni mikono ya wenzako na mifuko yao, basi. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kutaja dau ni hili: nani mwingine mezani hapa anataka mchoraji huyu apande?

Kwa Christin P. wako jibu lilikuwa "hakuna". Picha zote tatu zilikuwa mbele yako. Wenzako watatu hawakuwa na hata moja, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kumtoa mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye. Wenye Yoko walimsukuma Yoko mpaka picha ya tatu, wakijua kwamba kwa idadi sawa Yoko anatangulia. Ungemwachia jirani yako yule Christin P. wa 16, ungepata 16, na zaidi ya hapo ungepata mshirika: mtu mwenye 16 zake zilizokwama pale, anayetafuta mkononi Christin P. mwingine wa kumtoa. Huyo wa nne angetua, Christin P. angelingana na Karl Gitter na kumpita, kwa kuwa yuko kushoto kwake. Wale wawili uliowanunua kwa 16 na 19 wangekulipa 40. Sisemi ingekuwa hivyo lazima, kadi za mkononi mwake sizijui. Nasema uliziba mlango mwenyewe.

Mchoraji mwenye wamiliki watatu ana mawakili watatu. Mchoraji wako peke yako ana wakili mmoja, na zamu zako ni moja katika nne.

Na bei ulizolipa? Picha ya mapema kwenye duru ithaminishe kama mkulima anavyokadiria mvua. Chukua Christin P. akiwa na picha moja tu mezani. Sema katika duru kumi za namna hiyo, tatu atashika nafasi ya kwanza, mbili ya pili, mbili ya tatu, na tatu atatoka patupu. Hiyo ni 90, na 40, na 20, na sifuri: jumla 150 kwa duru kumi, yaani 15 kwa moja. Ulilipa 16 na ukalipa 19. Makadirio yako yanaweza kuwa tofauti na yangu, na kama mkononi una Christin P. watatu zaidi una haki ya kulipa zaidi kwa sababu wewe ndiye utakayewatoa. Lakini ulikuwa nao? Ukiwa na mmoja tu, kama ninavyoshuku, 19 ni bei ya matumaini. Kadiri duru inavyokwenda mbele ndivyo makadirio yanavyogeuka kuwa hesabu. Krypto akishakuwa na picha 4, mtu yeyote mwenye Krypto mkononi anaweza kufunga duru muda wowote, na hapo 25 au 26 ni bei ya watu wenye akili timamu.

Kuhusu aina tano za mnada, utazisoma kwenye kijitabu, sitazirudia zote kwa urefu. Mnada wa wazi, watu wakipiga kelele kama soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, utumie kwa picha ambayo tayari watu wawili wanaigombea. Mnada wa mzunguko mmoja una faida kwako kwa sababu dalali anasema wa mwisho, lakini wewe Makumbusho naomba uuogope: ndio unaokushawishi kuongeza moja na kuchukua. Mnada wa ngumi, ambapo kila mtu anaficha fedha kiganjani na wote wanafungua kwa pamoja, unawafanya watu waoga walipe kupita kiasi. Uuzie wenye pupa.

Ule wa bei kamili ndio ninaotaka ukae nao. Unataja bei, jirani wa kushoto anaamua kwanza, kisha anayefuata, na wote wakikataa unalazimika kuinunua mwenyewe kwa bei uliyotaja. Wengi wanakosea pande zote mbili. Chukua Krypto wa nne, na tufanye ana hakika ya 30. Ukitaja 29, nani atahangaika kwa faida ya elfu moja? Wataangaliana, watatu watatikisa vichwa, na utalipa 29 benki upate 30. Ukitaja 18, jirani wa kushoto ataichukua kabla hujamaliza sentensi, na hiyo ni dalili kwamba umempa zawadi. Taja 24 au 25. Utamwona anashika sarafu, anaziachia, anazishika tena. Na mtazame vilevile ni nani huyo wa kushoto. Kama ndiye unayedhani anaongoza, aina hii ya mnada iwekee picha ambayo mtu wa pili au wa tatu ana sababu ya kuilipia zaidi, kwa mfano mwenye picha mbili za mchoraji huyo anayehitaji moja zaidi itoke.

Aina ya tano ni kadi pacha, ile inayokuruhusu kutoa picha mbili za mchoraji mmoja kwa pamoja. Usiitoe ukiwa huna ya pili bila kufikiri. Ukishindwa kuongeza ya pili, nafasi inahamia kushoto, na atakayeongeza ndiye anayepokea fedha zote za picha mbili, yako ikiwa mojawapo. Wakishindwa wote, unaipata bure. Nimewahi kuitoa nikiamini hakuna mwenye Lite Metal mwingine. Mtu wa tatu kutoka kwangu alikuwa naye.

Sasa duru ya nne, ambako nadhani ndiko unakomalizwa. Thamani za mchoraji zinajumlishana duru hadi duru, kwa sharti moja gumu: awe kati ya watatu bora wa duru inayolipwa. Tuseme Krypto alipata 30 duru ya kwanza, 20 duru ya pili, na duru ya tatu akatoka nje ya watatu bora. Picha zake za duru ya tatu zinalipwa sifuri, hata kama ubaoni zimeandikwa 50. Lakini duru ya nne akishika nafasi ya pili, kila picha yake inalipa 20 pamoja na zile 50, yaani 70. Picha moja ya duru ya mwisho inaweza kuzidi faida yote uliyoikusanya kwa jasho duru mbili za mwanzo. Na kumbuka duru hiyo hamgawiwi kadi. Anayefika na kadi sita ana vitu sita vya kuuza kwa 50 na 60. Anayefika na kadi moja anageuka mteja.

Kwa hiyo ukiwa na Krypto wawili mkononi katika duru ya tatu, na unaona hatapanda duru hiyo, usiwatoe kwa 8 ili tu upate kitu. Kaa nao. Toa kwanza kadi za wachoraji wasio na thamani ubaoni. Na fika ukiwa na fedha pia, maana huwezi kutaja dau usilo nalo mfukoni, na dalali wa bei kamili hawezi hata kutaja bei inayozidi fedha zake. Nimeona mtu mwenye elfu 31 akitazama picha ya 70 ikiuzwa kwa 34. Fedha zinafichwa, ndiyo, lakini kila malipo yanafanyika mbele yako. Huhitaji kukumbuka kila senti, inatosha kujua nani mezani amekauka.

Jumamosi ijayo jaribu kitu kimoja. Chukua karatasi, chora safu mbili. Safu ya kwanza andika kila fedha unayopokea mkononi mwa mwenzako. Safu ya pili andika faida ya kila picha uliyonunua, yaani ilicholipa benki kutoa ulicholipa. Katika duru uliyonitumia safu ya kwanza ina 12. Ya pili ina 9 za Krypto na hasara ya 52 za Christin P. Safu ya kwanza ikikaribia 60 kwa duru, nina hakika jina la Makumbusho watampa mwingine.

Na hilo la pili, la picha ya tano. Mwenzenu amekosea. Picha ya tano ikitua mezani duru inafungwa hapo hapo, haiuzwi wala haichukuliwi na mtu, ila inahesabiwa katika kupanga nani wa kwanza. Aliyeitoa amepoteza kadi na hakupokea kitu, hiyo ndiyo gharama ya kuamua saa ya kufunga. Ikitokea kwamba ya tano imekuja kwa kadi pacha, yaani mchoraji alikuwa na tatu na mtu akatoa mbili, zote mbili haziuzwi. Alikuwa na nne na mtu akatoa kadi pacha? Duru imeshafungwa na ile ya kwanza, ya pili ibaki mkononi.